Unyayo bapa wa ukubwani: kuhamisha kano au kuunganisha viungo?

Swali: Msomaji wetu ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, mwanamke wa miaka 52 mwenye kisukari cha aina ya pili. Anaeleza kwamba miaka mitatu iliyopita alianza kupata maumivu na uvimbe nyuma ya fundo la ndani la mguu wa kushoto. Alichomwa sindano mara mbili katika kituo kimoja cha afya, akapata nafuu ya wiki chache, kisha unyayo ukaanza kulala chini hadi kiatu chake kikawa kinalika upande wa ndani tu. Daktari wa kwanza, mwaka juzi, alimshauri akatwe mfupa wa kisigino na kuhamishwa "mshipa". Daktari wa pili, mwezi uliopita, amemwambia tiba ni kuunganishwa viungo vitatu vya mguu. Siku hizi maumivu ya ndani yamepungua na yamehamia upande wa nje. Anauliza nani kati ya hao wawili yuko sahihi, kama upasuaji ni wa lazima, kama ataweza tena kusujudu na kusimama darasani, na kama likizo ya Desemba itamtosha kupona.

Jibu:

Mwalimu, nianze na lile linalokusumbua zaidi. Madaktari wako wanaweza kuwa sahihi wote wawili, kwa kuwa kati ya ziara ya kwanza na ya pili umepita muda mrefu, na mguu wenye tatizo kama lako haukai pale ulipouacha. Kukata kisigino na kuhamisha kano kunaufaa mguu ambao, ijapokuwa umelala, bado unakubali kurudishwa kwa mkono. Kuunganisha viungo kunaufaa mguu uliokwisha kukakamaa, au ambao gegedu za viungo vyake, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, zimelika. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza tumfuate daktari yupi, inabidi tujue mguu wako leo umefikia wapi, na jambo hilo haliamuliwi na ukali wa maumivu wala na picha peke yake. Huamuliwa na mkono wa mtu aliyekushika kisigino na kujaribu kukirudisha mahali pake.

Nieleze kwanza kilichoharibika. Nyuma ya fundo la ndani la mguu inapita kano tunayoiita tibialisi posteria. Wagonjwa wengi husema "mshipa", lakini mimi nitasema kano ili tusiichanganye na mishipa ya damu. Inatoka kwenye msuli uliojificha ndani ya shavu la mguu, inakunja kona kali chini ya fundo, kisha inajishika kwenye mfupa wa navikula, ule unaojitokeza kama kokwa upande wa ndani wa unyayo, na kutawanya nyuzi zake kwenye mifupa mingine ya chini. Mwendo wake ni mfupi mno, takriban sentimita 2 tu pale msuli unapojikaza, na ndiyo maana ikirefuka hata kidogo huwa kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea: ipo, lakini nguo zinagusa chini. Pale inapokunja kona damu huifikia kwa shida, na hapo ndipo inapochakaa. Tunaowaona zaidi ni wanawake waliovuka miaka 40, hasa wenye uzito mkubwa, kisukari au shinikizo la damu. Sindano za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, zikichomwa kuzunguka kano hii huongeza hatari ya kukatika kwake. Kama zile mbili zilikuwa za aina hiyo, usikubali ya tatu.

Kano hiyo haibebi upinde wa unyayo peke yake. Juu kabisa ya upinde upo mfupa wa talasi, unaopokea uzito wote wa mwili kutoka kwenye muundi, na kichwa cha mfupa huo kimelazwa juu ya ligamenti (utepe mgumu unaofunga mfupa na mfupa) pana iitwayo ligamenti ya springi, kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba. Kano ikichoka, mzigo wake unahamia kwenye ligamenti; nayo ikilegea, kichwa cha talasi kinazama kuelekea ndani na chini, kisigino kinapinda kuelekea nje, na sehemu ya mbele ya mguu inageukia nje. Kisha linatokea jambo baya zaidi: kano kubwa ya nyuma ya kisigino, ambayo maisha yako yote ilikuwa ikikusaidia, sasa inavuta kisigino kilichokwisha kupinda, na kila hatua unayopiga inakipinda zaidi. Hii ndiyo sababu ugonjwa huu husonga mbele hata mtu anapojitunza, na ndiyo sababu mwaka 2020 kundi la wataalamu wa mguu walikubaliana kuacha jina la zamani lililoitaja kano peke yake, wakauita ulemavu wa mguu unaoporomoka hatua kwa hatua. Kwa mabadiliko mengi ya majina katika fani yetu sioni faida kubwa, lakini kwa hili naiona, maana lilimwondoa daktari kwenye mawazo ya kushona kano na kumwelekeza kwenye mguu mzima.

Sasa nifike kwenye jambo ulilolitaja kwa mstari mmoja tu, nami nimelisoma mara mbili. Umesema maumivu ya ndani yamepungua na yamehamia nje, chini ya fundo, na ukaongeza kwamba labda mguu umeanza kupona. Natamani ingekuwa hivyo. Kano iliyokwisha kukatika au kurefuka kabisa huacha kuuma, kwa sababu hakuna tena kinachovutwa. Maumivu ya upande wa nje hutokana na kisigino kilichopinda kiasi cha kugongana na ncha ya mfupa mwembamba wa nje wa mguu, au na talasi yenyewe, na kubana nyama zilizo katikati. Ni dalili kwamba ugonjwa umesogea hatua nyingine. Haina maana kwamba muda umekwisha, ila inaondoa uwezekano wa kuendelea kusubiri bila kufanya chochote.

Hatua hizo zilipangwa mwaka 1989 na Johnson na Strom. Ya kwanza ni kano iliyovimba ilhali mguu haujabadilika umbo. Ya pili ni mguu uliolala lakini unaonyumbuka. Ya tatu ni mguu uliokakamaa. Miaka ya 1990 Myerson aliongeza ya nne, ambapo hata kifundo chenyewe kimeanza kuinama kwa sababu ligamenti yake ya ndani imelegea. Mpangilio wa mwaka 2020 umegawanya mambo kwa njia nyingine, unaonyumbuka na uliokakamaa, kisha ukatoa herufi kwa kila eneo lililoharibika, kwa kuwa mguu mmoja unaweza kuwa laini kisiginoni na mgumu mbele. Kwa mgonjwa, yote yanarudi kwenye swali lilelile: unarudi au haurudi?

Sehemu ya kipimo hicho unaweza kuianza nyumbani. Simama bila viatu umeupa mgongo mtu wa nyumbani, akupige picha ya simu kutoka nyuma, simu ikiwa sakafuni sambamba na visigino. Katika mguu mzima, kwa nyuma, huonekana kidole kimoja kidogo au viwili vikichungulia upande wa nje. Katika mguu ulioporomoka huonekana vitatu, hata vinne, kwa kuwa sehemu ya mbele imegeuka. Kisha shika ukuta kwa ncha za vidole vya mkono na unyanyuke kwa miguu yote miwili, ukisimama kwenye vidole. Mwambie mpiga picha apige picha ya pili na aangalie visigino: cha kulia kitageukia ndani kinaponyanyuka. Cha kushoto kikigeukia ndani vilevile, hata kidogo, viungo vyako bado vina uhai. Mwisho jaribu kunyanyuka kwa mguu wa kushoto peke yake, na nadhani utashindwa, au utaona unajivuta kwa mikono. Usijilazimishe, kwani kushindwa kwenyewe ndiko jibu.

Kliniki tunakwenda mbali zaidi. Mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Nakishika kisigino kwa kiganja, kidole gumba kikiwa juu ya kichwa cha talasi, kisha nakileta kisigino taratibu chini ya muundi mpaka nihisi kichwa kile kimerudi kitandani kwake. Hapo nautazama mstari wa vidole. Mara nyingi upande wa kidole gumba hubaki umenyanyuka hewani, kwa sababu sehemu ya mbele ya mguu imejizoesha kufidia kisigino kilichopinda. Daktari asipoliangalia hilo atanyoosha kisigino vizuri, na siku mgonjwa atakaposimama kidole gumba hakitagusa sakafu, au kisigino kitalazimika kupinda tena ili kiguse. Halafu nausukuma unyayo juu, goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa; kama unapanda zaidi goti likikunjwa, kilichofupika ni msuli wa juu wa shavu la mguu. Kipimo hiki kinabeba jina la Nils Silfverskiöld, daktari wa mifupa wa Uswidi, ambaye pia alishinda medali ya dhahabu ya mazoezi ya viungo katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Naamini alijua jambo moja au mawili kuhusu misuli ya miguu.

Picha za eksirei ni lazima zipigwe ukiwa umesimama na kuupa mguu uzito. Jahazi halikaguliwi uvujaji likiwa limepandishwa pwani, na mguu uliolazwa juu ya meza ya picha huweza kuonekana mzima kabisa. Kama picha ulizo nazo zilipigwa umelala, omba nyingine, na iwemo ya kifundo, ili ijulikane kama talasi bado imekaa sawa chini ya muundi.

Kabla sijagusa upasuaji, kuna jambo moja la wenye kisukari ambalo halipaswi kurukwa. Kisukari kinapoharibu mishipa ya fahamu, mifupa ya mguu inaweza kuvunjika na kuporomoka bila maumivu makubwa, hali inayoitwa mguu wa Charcot, na kwa macho hufanana sana na unyayo bapa wa kano. Mguu huo huwa wa moto kuliko mwenzake, umevimba, pengine mwekundu. Kuukata na kuufunga skrubu ukiwa katika hali hiyo kama vile ni unyayo bapa wa kawaida ni kosa kubwa. Daktari apime hisia za nyayo zako kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 na apapase mapigo ya damu juu ya mguu. Umeandika kwamba HbA1c yako ya mwisho, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, ni asilimia 7.4, na hicho ni kiwango ambacho wapasuaji wengi hukikubali. Ikivuka 8, mimi huahirisha na kumrudisha mgonjwa kliniki ya sukari kwanza, kwa kuwa jeraha linalogoma kufunga juu ya chuma ni balaa kuliko unyayo bapa wenyewe.

Je, upasuaji ni wa lazima? Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema kwamba uliwahi kupewa soli maalumu za ndani ya kiatu, kifaa cha kushika kifundo, au mazoezi ya kuimarisha kano chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Ulipewa sindano, vidonge vya maumivu, na ushauri wa kupunguza uzito, ushauri ambao ni sahihi lakini ambao mtu asiyeweza kutembea anautekelezaje? Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 47 wa hatua ya kwanza na ya pili walipewa kifaa cha mguu pamoja na mpango madhubuti wa mazoezi, na 39 kati yao walifikia matokeo mazuri bila kisu. Upinde haukurudi kwa njia hiyo, na hakuna soli itakayourudisha, ila maumivu yalipungua na nguvu ikarejea. Kwa hiyo, ikiwa mguu wako bado unanyumbuka, ningependa upewe kwanza miezi mitatu hadi sita ya tiba ya namna hiyo, ikifanywa kwa dhati: kiatu kigumu kisigino chenye kamba, soli yenye kunyanyua upande wa ndani, na kandambili ziwekwe kando hata ndani ya nyumba. Ikiwa umekakamaa, kifaa kinachotumika ni kile kinachopanda juu ya kifundo na kuufuata mguu ulivyo bila kujaribu kuunyoosha. Wapo wanaokivaa kwa miaka na kuridhika.

Tuseme tiba hiyo imeshindikana na mguu bado unanyumbuka. Hapo daktari wako wa kwanza alikuwa na hoja nzuri. Zamani, wapasuaji walijaribu kuishona kano au kuweka nyingine mahali pake na kuishia hapo. Maumivu yalipungua, lakini umbo la mguu halikurekebishika, na kano mpya ikabaki inavutwa na mifupa iliyopinda kama ile ya kwanza. Somo lililopatikana ni kwamba mifupa inyooshwe kwanza, ndipo kano iwekwe mahali pa kupumua.

Kunyoosha kunaanzia kisiginoni. Wazo la kukata mfupa wa kisigino kwa ajili ya unyayo bapa ni la Gleich, mwaka 1893, na namna ya kuusogeza kuelekea ndani ilienezwa na Koutsogiannis kwa makala ya mwaka 1971. Ngozi hupasuliwa kwa mshazari upande wa nje wa kisigino, kwa tahadhari ya mshipa wa fahamu unaopita hapo, kisha mfupa unakatwa wote kutoka nje hadi ndani. Kipande cha nyuma, kile unachokikanyagia, husukumwa kwa kidole gumba kuelekea ndani, karibu sentimita 1, na kufungwa kwa skrubu moja au mbili. Sentimita moja inaonekana ndogo, lakini kano kubwa ya kisigino imejishika kwenye kipande hicho. Kikisogea, na mvuto wake unasogea nacho, na nguvu iliyokuwa ikiupindua mguu inaanza kuusimamisha. Kama kuna hatua moja katika upasuaji huu wote ninayoiamini kuliko nyingine, ni hii.

Kisha kano. Tunaichukua ile inayokunja vidole vinne vidogo, kwa kuwa inapita jirani kabisa, nyuma ya fundo lilelile. Tunaikata chini ya unyayo, tunatoboa tundu kwenye mfupa wa navikula, tunaipitisha na kuikaza mguu ukiwa umegeuziwa ndani. Wagonjwa huuliza kama vidole vitakufa. Havifi, kwa kuwa chini ya unyayo kano hiyo ina nyuzi zinazoiunganisha na kano ya kidole gumba, ambayo huendelea kuvivuta. Wengi hawaoni tofauti. Lakini nikuambie ukweli kuhusu nguvu: kano hii ya kuazima ina takriban theluthi moja tu ya nguvu ya ile iliyokufa, na ndiyo maana haifai kuachwa ifanye kazi peke yake. Ligamenti ya springi ikionekana imechanika, inashonwa hapohapo.

Yanayofuata hutegemea mguu. Msuli wa shavu ukiwa umefupika, utando wake hukatwa kwa mpasuo mdogo katikati ya shavu la mguu ili kisigino kiweze kushuka. Kidole gumba kikibaki hewani, mfupa wa kunefomi ya ndani, ulio mbele ya navikula, hupasuliwa kwa juu na kuwekewa kabari, njia aliyoieleza Cotton mwaka 1936. Na kama kiungo kilicho mbele ya mfupa huo kimelegea, kinaunganishwa. Sehemu ya mbele ikiwa imegeuka nje sana, yaani vile vidole vitatu au vinne vya kwenye picha, wengi hurefusha upande wa nje wa mguu kwa kukata kisigino mbele na kuingiza kabari ya mfupa, ambao huku kwetu mara nyingi huchukuliwa kwenye ukingo wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Njia hii inatokana na kazi ya Dillwyn Evans iliyochapishwa mwaka 1975, nayo hunyoosha mguu kwa namna inayompendeza mpasuaji anapoitazama picha. Mimi huitumia kwa kusita. Kabari ikizidi milimita chache tu, mguu unakuwa mgumu, uzito unahamia ukingo wa nje, na mgonjwa aliyekuja na maumivu ya ndani anaondoka na ya nje. Mguu ulionyooka pungufu kidogo na unaonyumbuka, kwa maoni yangu, unampeleka mtu sokoni vizuri kuliko ulionyooka kabisa na kugeuka gogo.

Sasa tuseme umekakamaa, kama alivyoona daktari wa pili. Hapo kusogeza kisigino na kuhamisha kano ni kazi bure, kwa sababu viungo vyenyewe havirudi. Gegedu hukwanguliwa, mifupa hupangwa upya katika umbo sahihi, na skrubu huishika mpaka iote pamoja na kuwa mfupa mmoja. Viungo vitatu vinavyotajwa ni kile kati ya talasi na kisigino, kile kati ya talasi na navikula, na kile cha nje kati ya kisigino na kuboidi, mfupa ulio mbele yake. Siku hizi wengi wetu huunganisha viwili vya kwanza na kukiacha cha tatu kama si kibovu, maana talasi na navikula vikishaungana, mwendo unaobaki kwenye hivyo vingine ni mdogo sana kwa vyovyote. Muulize daktari wako kwa upole kama kile cha tatu ni cha lazima kwako. Unachopoteza ni uwezo wa unyayo kugeuka ndani na nje, uwezo unaokusaidia kwenye njia ya mawe, mchanga wa pwani na matuta ya shamba. Mwendo wa juu na chini wa kifundo unabaki kwa sehemu kubwa. Gharama nyingine hulipwa baadaye: kifundo kinabeba msukosuko ambao zamani uligawanywa, na baada ya miaka mingi kinaweza kuanza kuchakaa. Hiyo ndiyo sababu siunganishi mguu unaonyumbuka ninapoweza kuuokoa kwa njia nyingine, na pia ndiyo sababu siogopi kuunganisha uliokakamaa, kwa kuwa mwendo ninaouondoa ulikwisha kuondoka kabla yangu. Picha ya kusimama ikionyesha kwamba kifundo nacho kimeinama, mpango unabadilika na kuwa mkubwa zaidi, na hapo nenda kwa mpasuaji aliyebobea katika mguu na kifundo.

Hatari zipo katika njia zote: maambukizi, jeraha kuchelewa kufunga, ganzi ya kudumu ukingoni mwa mguu, skrubu kuuma hadi itolewe, mfupa kugoma kushika, na damu kuganda ndani ya mguu, ambayo unapaswa kuuliza utapewa kinga gani dhidi yake. Kwa mwenye kisukari maambukizi na mfupa kugoma huongezeka. Daktari anayekuahidi upinde kama wa ujana wako anakuuzia kitu ambacho hana. Lengo ni mguu unaokanyaga sawa, usiouma, na unaoingia kwenye kiatu cha kawaida.

Kuhusu kusujudu. Baada ya kuhamishwa kano, na hata baada ya kuunganishwa viungo viwili au vitatu, wengi hurudi kusujudu, kwa kuwa vidole na kifundo bado vinakunjika. Kikao cha kulaza mguu wa kushoto na kuukalia ndicho kigumu, maana kinahitaji unyayo ugeuke ndani, nao ni mguu wako huohuo. Aliyeunganishwa mara nyingi hulazimika kukaa kwa namna nyingine au kutumia kiti. Kwa miezi ya mwanzo uswali ukiwa kwenye kiti, uiache mifupa ishike. Vivyo hivyo na choo cha kuchuchumaa: tafuta mapema kiti chenye tundu cha kuweka juu yake, kwa kuwa kuchuchumaa kwa mguu mmoja na magongo mawili ni njia ya uhakika ya kuanguka.

Na likizo ya Desemba haitoshi. Kwa kukata kisigino na kuhamisha kano utakaa takriban wiki 6 bila kuukanyagia mguu huo hata kidogo, nyuzi zikitolewa karibu na wiki ya 2 na mguu ukirudishwa kwenye plasta ngumu. Picha ikionyesha mfupa umeanza kushika, unaingia kwenye buti la tiba na kuongeza uzito kidogo kidogo hadi wiki ya 10 au 12, mazoezi yakiendelea, ndipo uvae kiatu chenye soli. Viungo vikiunganishwa, kipindi cha kutokanyaga mara nyingi hurefuka zaidi ya hapo. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea kwa miezi 6 hadi 12, na nguvu huendelea kurudi kwa mwaka mzima. Ukipasuliwa mwanzoni mwa Desemba, Januari shule itafunguliwa ukiwa bado kwenye magongo. Kufundisha ukiwa umekaa, mguu umenyanyuliwa juu ya kiti cha pili, pengine kutawezekana mwezi wa pili ikiwa kuna mtu wa kukufikisha shuleni, lakini kusimama vipindi vinne mfululizo usikutarajie kabla ya mwezi wa nne. Omba likizo ya ugonjwa ya miezi mitatu tangu sasa, ili mwalimu mkuu apate wa kushika darasa lako.

Kwa ziara ijayo, iwe Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC kule Moshi, ambako kwako si mbali sana, au hospitali nyingine yenye mpasuaji wa mifupa anayefanya kazi hii mara kwa mara, beba picha mbili za simu nilizoeleza, majibu yako ya HbA1c, na kile kiatu kilicholika. Usinunue kipya kabla ya kukionyesha hicho.